Taa ndani ya sebule ya mtu: kutoka malungu ya Ufipa hadi taa za makopo

Safari hii tunaandika tukiwa mbali na bahari. Tupo Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa, ambako mwezi wa Julai fundi hawezi kutunga uzi kwenye sindano asubuhi mpaka kwanza avipashe vidole moto. Sisi ni mawifi wawili, mmoja mzaliwa wa Wete, mwingine mzaliwa wa Laela, na kinachotuunganisha ni mwanamume mmoja (kaka wa huyu, mume wa yule) na vyerehani vinne. Tunashona sare za skuli, magauni ya harusi na kanzu za kwaya, na Ramadhani ikikaribia tunashona mabaibui ya kupeleka Mbeya.

Mwaka jana mtoto wa kaka yake mmoja wetu, binti anayetuita sote shangazi, alirudi kutoka Bagamoyo alikosomea sanaa. Akaja na gunia la makopo ya mafuta ya kupikia na ya maziwa ya unga, kayatoboa kwa misumari mamia ya matundu, na ndani ya kila kopo katia balbu ndogo ya sola. Ukizima taa ya chumba, kopo linamwaga nyota ukutani, darini na usoni mwa aliyekaa. Tukamsifu. Tukadhani anatafuta duka la kuuzia. Akasema hapana, shangazi zangu, nataka kuonesha. Wapi? Hapahapa sebuleni kwenu, na kwa jirani wawili, siku tatu, watu waje usiku watazame bure.

Kaka alikataa kabla hajamaliza chai. Nyumba si soko, alisema. Mgeni wa kumjua hukaribishwa, lakini mtu usiyemjua hata jina apite sebuleni, achungulie pazia la chumba, aone kitanda unacholala? Nyinyi wanawake wa visiwani mnaosoma hapa mnajua uzito wa neno hilo, maana sisi tumelelewa na sitara. Nyumba ya Kiswahili imejengwa juu ya sitara toka barazani.

Lakini aliyetunyamazisha kweli hakuwa kaka. Alikuwa Bibi, bibi mzaa mama wa huyu wa Laela, mwenye miaka zaidi ya 80, anayelala chumba cha nyuma karibu na jiko la kuni. Macho yake ni mekundu. Moshi wa miaka 70 umeyafanya hivyo. Akasema kwa sauti ndogo: mkiwasha taa za rangi usiku nyumba yenye kikongwe, kesho watasema nini? Tukatazamana. Nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hasa Kanda ya Ziwa, na macho mekundu yametajwa mara nyingi kuwa ndiyo ushahidi, wakati ni moshi tu wa kupikia wanawe na wajukuu. Na huu mji wenyewe, jina lake watu hulitafsiri kuwa "tupa uchawi". Mwenzetu wa Wete alipoaga nyumbani kuja huku mashoga zake walimtania mpaka akalia. Utani huo anaubeba kila mzee wa mji huu, na Bibi hakuwa anatania.

Basi tukampa binti jibu la fundi: subiri tupime kwanza. Tukaanza kusoma, jioni kwa jioni, simu moja watu watatu. Tulitaka kujua kama kuna waliowahi kufanya jambo hili, kuuweka mwanga ndani ya nyumba ya mtu ili utazamwe kwa kuwa mwanga tu, na hao walilinda vipi heshima ya nyumba zao. Tunayoyaandika leo ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze karibu. Kusini mwetu, mpakani na Zambia, kuna maporomoko ya Kalambo, maji yanashuka zaidi ya mita 200. Mtaalamu J. Desmond Clark alianza kuchimba huko miaka ya 1950, akakuta pamoja na zana za mawe vipande vya miti vilivyoungua. Mwaka 2023 watafiti wengine wakatangaza magogo mawili yaliyochongwa yakapachikwa moja juu ya jingine, wakayakadiria umri wa miaka 476,000. Hesabu ya miaka hiyo tunawaachia wenyewe. Sisi tuliyashika magogo. Hapa jirani yetu, zamani mno, kuna aliyekaa akaunga mti na mti.

Kisha malungu. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hata wengi waliozaliwa Sumbawanga siku hizi hupita kando ya mabaki yake wakidhani ni kichuguu. Ilungu ni tanuru la kuyeyushia chuma, wingi wake malungu. Wafipa walilijenga kwa udongo, refu kuliko mtu, mengine kufikia mita tatu, pana chini na jembamba juu, na chini kabisa likazungushiwa matundu. Halikuhitaji mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, ikapanda kwa nguvu ya joto, na mkaa na mawe ya chuma vikawaka humo mpaka chuma kijitenge. Kilichopatikana hapo kilikuwa bado kichafu, hivyo kikapelekwa kwenye tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Mwisho wake ni jembe, shoka, mkuki. Padre Wyckaert wa Wamisionari wa Afrika aliandika habari za wahunzi hawa mwaka 1914, na miaka ya karibuni Profesa Bertram Mapunda ameyafuatilia mabaki yao hasa upande wa Nkasi.

Mafundi wa kushona tulikamatwa na jambo moja. Watafiti wanasema tanuru jipya lilitendewa kama bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, na wahunzi walijihesabu kama waume zake, wakajizuia na wake zao wa nyumbani muda wote wa kazi. Fikiria basi usiku ule porini, baridi hii yetu, na bi harusi wa udongo amesimama gizani, kazungukwa na matundu yanayowaka mekundu. Binti akatoboa kopo jingine tukisoma hapo. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini sote tulikuwa tunatazama matundu.

Malungu lakini yalikuwa mbali na nyumba. Huo ndio utaratibu wake: mwanga mkubwa, wenye siri na miiko, ulikaa porini, nyumbani ulibaki moto wa mafiga, wa kupikia na kuota na kusimulia hadithi. Chuma cha bei rahisi kutoka Ulaya na utawala wa kikoloni vilipokuja, malungu yakazimika, na leo nyasi zimeota juu yake. Moto wa mafiga upo mpaka leo, na ndio uliomfanya Bibi awe na macho yale.

Tulipomsomea Bibi habari za malungu alicheka kidogo, akasema tunamtafutia historia ya moto wakati yeye anaogopa historia ya wageni. Ndipo akatuhadithia ya Milanzi. Wafipa wengi wanaijua, na Roy Willis, mtaalamu aliyeishi huku miaka ya 1960, aliiandika. Mtawala wa Milanzi, chini ya mlima Itwelele, alikuwa anakwenda kuwinda. Akamwonya mkewe: watakuja wageni, usiwape kigoda changu. Akaondoka. Wakaja wanawake watatu wageni, wanatembea kwa haraka na kwa kujiamini, na mke, ama kwa hofu ama kwa ukarimu, akawatolea kigoda cha mumewe wakakikalia. Mume aliporudi nchi ilikuwa imeshakwenda. Wakapatana: Milanzi akabaki na heshima ya mlima na matambiko yake, wageni wakachukua utawala, na ukoo wao wa Watwa ukatawala Ufipa.

Mmoja wetu akasema, unaona Bibi, hata hadithi inamkubali kaka. Bibi akajibu kwamba sisi hatusikilizi. Kosa la yule mke, alisema, halikuwa kufungua mlango. Mlango lazima ufunguliwe, Mfipa hamwachi mgeni nje. Kosa ni kuwa hakujua kiti kipi ni cha kutoa na kipi ni cha kuficha.

Tukalichukua neno hilo tukarudi nalo pwani kwetu, tukaona wazee wetu walilijua. Nyumba kongwe za mawe za Lamu, za karne ya 18, zilipangwa kwa madaraja: baraza kwa mpita njia, daka la mlango kwa anayebisha hodi, kiwanda cha ndani kwa mwanga wa jua, kisha vyumba vinavyofuatana, kila kimoja cha siri kuliko kilichotangulia. Na kule ndani kabisa, kwa wanawake, ndiko kulikokuwa na ukuta mzuri kuliko zote: safu kwa safu za zidaka zilizochongwa kwa chokaa, zimepangwa sahani na bakuli za China. Chumba hicho kilikuwa kiza. Chokaa nyeupe na vyombo vinavyong'aa ndivyo vilivyokamata mwanga mdogo uliofika na kuurudisha. Humo ndimo bibi harusi alimooneshwa kwa wanawake walioalikwa. Kwa hiyo nyumba zetu zilikuwa na maonesho zamani sana, tena ya mwanga; tofauti ni kwamba mwenye nyumba ndiye aliyeamua nani afike chumba cha ngapi. Na wasomaji wetu Waislamu wataikumbuka Aya ya Nuru, ambamo mfano uliotolewa ni wa taa iliyo ndani ya kioo, na kioo ndani ya shubaka la ukuta. Ni mfano wa taa ya nyumba hasa, na hilo tulikuwa hatujawahi kulitafakari mpaka tulipokaa na makopo haya.

Mwanga wa kuoneshwa nje nao tuliuona kwetu. Beit al-Ajaib, kasri la sherehe alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ndilo linalotajwa kuwa jengo la kwanza Unguja kuwa na taa za umeme. Sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, na tunaomba lisimame tena. Mwanga ule ulikuwa wa kustaajabiwa kutoka baharini. Mtu wa kawaida aliutazama kisha akarudi kwake kwenye kibatari.

Kibatari! Huku Sumbawanga wanaita koroboi, na tuligombana jina lipi sahihi mpaka kaka akatuuliza kama hatuna kazi. Kopo dogo, utambi wa pamba, mafuta ya taa. Wote wawili tulijifunza kushona kwa mwanga huo kabla ya kwenda kozi ya ushonaji, na wote wawili tunajua maana ya kushona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi kwa koroboi: unashona kwa kidole, si kwa jicho. Asubuhi puani unatoa masizi. Mwenye chemli alikuwa na nafuu, kioo kinazuia upepo na moshi si mwingi. Mwenye karabai alikuwa tajiri wa mtaa. Karabai ikipampiwa, watoto wa majirani wanakuja bila kualikwa, wanakaa mlangoni. Hiyo pia ni sanaa ya mwanga kwenye nyumba ya mtu, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Karabai ikiwashwa, mlango haufungwi.

Umeme wenyewe una hadithi mbili zinazotuhusu. Unguja iliungwa na bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya huo ulipogoma Mei 2008, kisiwa kilikaa giza karibu mwezi mzima; ukagoma tena Disemba 2009, mpaka Machi 2010. Pemba hatukuguswa safari hizo, tulikuwa na majenereta yetu, na waya wetu kutoka Tanga ukaja 2010. Na Sumbawanga? Kwa miaka mingi umeme wa huku ulikuwa ukinunuliwa Zambia, kwa kuwa gridi ya taifa ilikuwa haijafika. Ulikuwa unanunua luku Sumbawanga, na taa iliyowaka juu ya cherehani yako ilikuwa imevuka mpaka. Ikizimika, hukujua umlaumu nani.

Tanja Winther, mtafiti wa Norway, aliishi Uroa, Unguja, akaandika kitabu kilichotoka 2008 juu ya umeme ulivyobadili maisha ya kijiji hicho, hata nyumbani. Sisi tunaongeza la kwetu tulilolishuhudia: taa kali ikishawaka ndani, aliye nje anaona na aliye ndani haoni. Pazia linakuwa lazima. Biashara yetu ya mapazia imekua pamoja na nguzo za umeme, alhamdulillah, na hatuna la kujitetea.

Sasa tuje kwa wenzetu wa mbali, waliolifanya jambo hili makusudi na wakaliita sanaa.

Dan Flavin alikuwa Mmarekani wa New York, ujanani alipelekwa seminari kusomea upadri akaacha. Mwaka 1963 alichukua taa moja ya tyubu ya rangi ya dhahabu, kama zile za ofisini, akaifunga kwa mshazari kwenye ukuta wake mwenyewe. Basi. Maisha yake yote yaliyobaki, mpaka alipofariki 1996, alitumia tyubu za dukani za urefu uleule unaouzwa, futi 2, 4, 6 na 8, na rangi zilezile za kiwandani. Watu walimcheka. Mshonaji hamcheki, sisi nasi hununua kitambaa kwa upana uliopo dukani na bado gauni la huyu si gauni la yule.

James Turrell wa California tulimpenda zaidi. Kalelewa kwenye madhehebu ya Quaker, watu wanaosali kwa kukaa kimya, na husimulia kuwa bibi yake alimfundisha kwamba kwenda ibadani ni kuingia ndani kuisalimu nuru. Mwaka 1966 alikodi hoteli iliyofungwa, Mendota, huko Santa Monica, akaishi na kufanyia kazi humohumo mpaka 1974. Aliziba madirisha yote, akapaka kuta rangi nyeupe, vyumba vikawa giza tupu. Kisha akaanza kufungua vitundu, kimoja baada ya kingine, akiruhusu kiasi kidogo tu: taa ya barabarani, taa za gari linalopita, nyekundu na kijani za taa za kuongozea magari. Usiku aliwaita watu wachache, akawaongoza chumba hadi chumba. Walichotazama kilikuwa mtaa wao wenyewe, umeingizwa ndani kwa tundu. Tulipomsimulia Bibi, aliuliza kama walivua viatu. Hatukupata jibu.

Lakini Turrell alikuwa mpangaji peke yake. Tulitaka familia. Tukampata Giuseppe Panza, tajiri wa Italia aliyezaliwa 1923 akafariki 2010, mwenye nyumba kubwa ya karne ya 18 mjini Varese, kaskazini mwa Milano. Aliishi humo na mkewe na watoto watano, akanunua sanaa ambayo wengine hawakuitaka. Miaka ya 1970 aliwaita Flavin, Turrell na Robert Irwin waje wafanye kazi nyumbani kwake hasa. Walipewa wapi? Hapa tulisimamisha vyerehani. Waliwekwa zaidi kwenye ubavu wa nyumba uliokuwa wa mazizi na huduma. Flavin akaujaza ukumbi wa kupitia kwa tyubu za rangi. Irwin akakata dirisha kwenye chumba kitupu ili miti ya nje ndiyo iwe picha. Turrell akafungua dari chumba kiione mbingu. Watu wa Varese hawakuruhusiwa kuingia ovyo. Mwaka 1996 Panza aliikabidhi nyumba kwa mfuko wa kuhifadhi urithi wa Italia, uitwao FAI, na ikafunguliwa kwa umma mwaka 2000. Alijua kiti kipi cha kutoa. Bibi angempitisha.

Tajiri mwenye mazizi, kaka alisema, anaweza. Sisi tuna sebule moja.

Kwa hilo tulikuwa na mji wa Ghent, Ubelgiji. Kiangazi cha 1986 mkuu wa makumbusho ya mji huo, Jan Hoet, aliona jengo lake halitoshi na watu hawaingii, akabisha hodi kwa wenyeji. Wasanii zaidi ya 50 wakaweka kazi zao ndani ya nyumba za watu, nyingine za wakubwa na nyingine za kawaida tu, na wageni wakanunua tiketi wakatembea nyumba hadi nyumba huku wenyewe wakiendelea kupika na kulea. Si kazi zote zilikuwa za mwanga, na hatuwezi kusema zote zilitupendeza. Iliyotusaidia ni ya Daniel Buren, Mfaransa wa mistari. Huyu bwana mistari yake ina upana wa sentimita 8.7 siku zote, kama fundi mwenye utepe mmoja tu. Alikipamba chumba cha wageni cha nyumba moja kwa mistari yake, kisha akajenga nakala ya chumba hichohicho ndani ya makumbusho. Asiyetaka kuingia kwa watu angeweza kwenda kuona nakala.

Na wa mwisho, Olafur Eliasson, msanii wa Denmark mwenye asili ya Iceland. Mwaka 2003 alitundika jua kubwa la taa ndani ya makumbusho ya Tate Modern, London, watu wakalala chini kulitazama. Mwaka 2012, pamoja na mhandisi Frederik Ottesen, akatoa jua jingine, safari hii la kushikika mkononi: taa ndogo ya sola ya plastiki ya njano, Little Sun, umbo lake limetokana na ua la meskel la Ethiopia. Iliuzwa kwa watu wasio na umeme, Ethiopia na nchi nyingine za Afrika, na palepale Tate wageni waliruhusiwa kutembea usiku kwenye vyumba vya picha taa zimezimwa, wakiangaza kwa vijua hivyo. Tuna manung'uniko yetu kidogo, maana anayesifiwa ni msanii wa mbali, na mama anayeitumia taa hiyo hiyo kumnyonyesha mtoto usiku hatajwi jina. Ila hatuwezi kukana kuwa hapo, kwa mara ya kwanza katika safari yetu ya kusoma, kitu cha makumbusho na kitu cha jikoni kwa Bibi kilikuwa kitu kimoja.

Kwetu visiwani kuna wanaotajwa majina. Kinyasini, Unguja, chuo cha Barefoot kimefundisha wanawake wa vijijini, wengine hawakumaliza skuli na wengine ni mabibi wenye wajukuu, kufunga na kutengeneza mitambo ya sola. Wanarudi vijijini kwao wakiwa mafundi wa mwanga, na mlango wa kila nyumba unafunguka kwao kwa kuwa ni wanawake.

Hilo la mwisho ndilo tulilolipeleka kwa kaka. Tulikaa naye tukapanga kama watu wanaopanga harusi. Siku za mwanzo mbili wanawake na watoto, siku ya tatu wanaume, baada ya Isha. Sebule peke yake. Mlango wa ndani ufungwe na tuushonee pazia zito la tabaka mbili, ambalo tulilishona wenyewe usiku ule ule kabla hajabadili mawazo. Tukaenda kwa balozi wetu wa mtaa, tukamwambia mapema taa hizi ni nini na zimetengenezwa na nani, tukampelekea kopo moja alitazame mchana ajionee lina balbu na betri, hamna kingine. Binti akaenda kwa jirani wote wa mbele na nyuma. Tukatangaza kanisani kwa Bibi na msikitini kwetu. Tulitaka ifike siku ya kwanza hakuna mtu mtaani anayeshangaa ule mwanga unatoka wapi.

Bibi hakuridhika. Alisema watu wakiwa kumi mbele ya kopo wanacheka, lakini mmoja akienda nyumbani peke yake ndipo anapofikiri. Kisha akasema, kama nitafichwa chumbani siku hizo, ndiyo mtakuwa mmewaambia nina la kuficha. Nipeni kiti.

Tukamwekea kiti pale mlangoni, nje, kando ya jiko la mkaa, kajifunika blanketi mbili na kitambaa kichwani. Kila aliyeingia alimwamkia yeye kwanza, shikamoo Bibi, naye akaitikia marahaba huku akimtazama usoni kwa macho yale yale, na binti karibu yake akilishika kopo moja lililomwaga matundu ya mwanga juu ya blanketi lake. Usiku wa pili umeme wa mtaa mzima ulikatika. Makopo hayakujua. Wanawake waliokuwa wanaondoka wakarudi, waliokuwa nyumbani wakatoka kufuata mwanga kama sisi tulivyofuata karabai, sebule ikajaa mpaka watoto wakakaa juu ya meza ya kukatia nguo. Mama mmoja wa mtaa wa nyuma, ambaye tangu tuhamie hajawahi kutusalimu zaidi ya kupungia mkono, alichuchumaa kando ya Bibi akamuuliza macho yanamuuma tangu lini, na kama alishawahi kwenda hospitali ya mkoa. Wakaongea Kifipa muda mrefu. Aliyekuwa anaelewa kati yetu hakumtafsiria mwenzake mpaka asubuhi.

Kaka alikuja siku ya tatu na wanaume, akakaa kimya kwenye kona, akaondoka wa mwisho. Hajasema kitu hadi leo. Pazia la tabaka mbili hajaturuhusu tulitoe.

Mtaa wa nyuma wameshamwomba binti sebule yao kwa mwezi wa Agosti. Kopo la Bibi hakulirudisha kwenye gunia. Aliomba litundikwe jikoni, juu ya mafiga, apikie. Kila wiki linakuwa jeusi kwa masizi, na kila Ijumaa mmoja wetu analishusha kulisugua kwa jivu, tundu kwa tundu.